Sahani ya Pili

Shangazi alivaa viatu vyake vya ibada, vile vyeusi ambavyo havikutoka kwenye boksi lake isipokuwa kwa mambo mawili: kumshukuru Mungu na kuzika mtu.

"Leo vimepata kazi ya tatu," alisema huku akishuka kwenye teksi kwa taabu. "Nishike mkono, mwanangu. Hivi viatu vina kinyongo na mimi. Nimeviweka ndani muda mrefu mno."

"Shangazi, nakuomba. Usitaje neno posa mpaka wao walitaje."

"Nimekulea tangu hujui kujifunga kamba za viatu, leo unifundishe adabu za ukweni?"

Nta alicheka. Jina la Nta binti huyu alipewa na wafanyakazi wa mgahawa ule ule ambako yeye na Shangazi walikuwa wanakwenda kula jioni hiyo, kwa sababu ya kazi yake. Yeye ndiye aliyetengeneza vyakula vya dirishani, vile ambavyo mpita njia huviona nyuma ya kioo akameza mate, kumbe ni nta na rangi. Mgahawa ukitaka kuonyesha chakula kipya, mpishi alipika na kupakua kama ampakuliavyo mteja. Nta akaja na ndoo yake ya mpira wa majimaji, akaumwaga juu ya chakula, akangoja ugande, akaubandua. Humo ndani ya umbo lililobaki alimimina nta, kipande kwa kipande, rangi kwa rangi. Chakula chenyewe kiliharibika. Kilichozama kwenye mpira hakiliwi tena, na fundi mwenye kujiheshimu hadokoi sahani ya kazi, hata akiwa na njaa ya kumtoa machozi.

Hiyo ndiyo njia iliyompeleka kwa Mashoto.

Mashoto alikuwa mpishi mkuu na mtoto pekee wa mwenye mgahawa. Watu walimwita hivyo kwa sababu alipika kwa mkono wa kushoto, na hata kamba wa baharini aliowapanga juu ya wali walilalia kushoto, mikia juu, kama watu wanaosikiliza jambo upande mmoja. Siku ya kwanza Nta alipoleta sahani ya pasta, ile yenye uma unaoning'inia hewani huku nyuzi za pasta zimeuzunguka na hakuna mkono unaoushika, Mashoto aliizunguka mara nyingi akiinama na kuinuka.

"Huu uma unashikwa na nini?"

"Siri ya fundi."

"Nami nisiambiwe? Pasta ni yangu!"

"Nitamwambia mume wangu peke yake."

Mashoto alifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa utulivu, "Basi nitangoja."

Tangu siku ile, kila Nta alipokwenda kuchukua chakula cha kazi, alikuta sahani mbili. "Hii ya dirisha," Mashoto alisema, "na hii ya fundi." Ya pili ilikuwa ya moto, na ilikuwa na kamba wengi zaidi. Alikula akiwa ameketi juu ya kreti la soda jikoni, huku Mashoto akimtazama kwa macho yale ambayo mwanamke huyakumbuka anapofumba yake. Mashoto hakuwahi kumwambia nakupenda bila mwiko mkononi. Nta hakujali. Alidhani ndiyo tabia ya wapishi.

Lakini mapenzi ya jikoni yana dari fupi. Mama yake Mashoto, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bi Mkubwa, hakujua lolote. Kila usiku Nta alipiga magoti kando ya kitanda chake akaomba maneno yale yale: "Mungu, mfungulie Mashoto kinywa." Na hatimaye Mashoto alimwambia, akiwa amempa mgongo, akikoroga mchuzi: "Nimeshamwambia mama. Jumapili jioni njoo na shangazi yako. Mtakula pamoja, mtafahamiana."

"Amesemaje?"

"Amesema karibuni."

Nta alilia kwa furaha juu ya kreti la soda. Hakuwaza kwa nini mtu anayeleta habari njema ashindwe kugeuka.

*

Bi Mkubwa aliwapokea mlangoni mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na sauti iliyozoea kuita wapishi wanne kwa wakati mmoja.

"Karibuni, karibuni. Fundi, leo umependeza! Kumbe ukivua lile koti lako lenye madoa u binti hivi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Na huyu ndiye mwenzako? Karibu sana, dada. Pole na mizigo."

"Hatuna mzigo, dada yangu," Shangazi alisema akitabasamu. "Mzigo tulio nao ni furaha tu."

Bi Mkubwa alicheka kwa adabu, kama mtu ambaye hakuelewa utani lakini hataki kumwaibisha aliyeutoa. Akawaongoza hadi meza kubwa karibu na mlango wa jikoni. Ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake ililetwa taa ya mezani, yenye mwanga mkali, ikaelekezwa katikati.

"Nimewaletea taa," Bi Mkubwa alisema, "muone vizuri."

"Mungu akubariki," Shangazi alisema, akamnong'oneza Nta, "Umeona? Tumewashiwa taa kama wageni wa heshima."

Nta aliona. Aliona pia kwamba mezani hapakuwa na sahani ndogo za kupakulia. Akajiambia zitakuja.

Mashoto alitoka jikoni na sahani ya kwanza, pasta yenye mchuzi mwekundu na jibini iliyokunwa. Akaiweka chini ya taa. Akaja na bakuli la wali, juu yake kamba, ngisi waliokatwa pete, na kome wakiwa wamefungua maganda. Mwisho akaleta tambi za mchuzi, zimekunjwa vizuri kama nywele zilizochanwa, na nusu ya yai juu.

Moja ya pasta. Moja ya wali. Moja ya tambi.

Nta alimtazama mpenzi wake. Mashoto alikuwa anatazama yai.

"Sahani ya pili iko wapi?" alimuuliza chini chini.

"Baadaye," Mashoto alijibu, bila kusogeza midomo. "Tulia tu. Kila kitu kitakuwa sawa."

"Mashoto. Umemwambia?"

"Nimesema tulia."

Nta aligeuka kumzuia Shangazi, lakini Shangazi alikuwa ameshafumba macho na kuinua viganja. Shangazi hakuwahi kugusa chakula bila sala, na sala zake hazikuwa za kwenda mbio. Bi Mkubwa, aliyekuwa anavaa miwani yake, aliinamisha kichwa kwa heshima. Hata vijana wa meza ya jirani waliacha kutafuna.

"Ee Mungu mwenye rehema," Shangazi alianza, "tunakushukuru kwa jioni hii. Tunakushukuru kwa chakula hiki na mikono iliyokipika. Ulimchukua kaka yangu mapema, ukaniachia binti yake, nami sikukuuliza kwa nini. Leo umenijibu. Tunakushukuru kwa mama huyu, aliyefungua mlango wa nyumba yake kumpokea binti yetu awe mke wa mwanawe. Uzifanye nyumba hizi mbili ziwe nyumba moja. Uwape hawa vijana subira, maana mapenzi ni kitu cha moto na maisha ni marefu. Na sisi wazee utupe wajukuu tuwadekeze. Amina."

Amina yake ilikaa mezani peke yake. Hakuna aliyeiitikia.

Shangazi hakujua. Alifumbua macho, akashika uma, akauzamisha katikati ya pasta na kuuzungusha.

"Usi... dada, hapana!" Bi Mkubwa alipiga kelele akinyoosha mkono. "Hicho si cha kula! Ni cha dirishani!"

Uma ulibaki hewani, nyuzi za pasta zikining'inia. Shangazi alitazama pasta, akamtazama Bi Mkubwa, akamtazama Nta, kama mtoto aliyechapwa na mtu asiyemjua.

Kisha Bi Mkubwa alivua miwani taratibu. Maneno ya sala yalikuwa yanamfikia sasa, moja baada ya jingine.

"Awe mke wa nani?" aliuliza.

Mashoto alikuwa ameshika kikombe cha pilipili. Hakukiweka chini.

"Mashoto, nimekuuliza. Dada huyu amesali nini mezani kwangu?"

"Mama, wateja wanasikiliza."

"Waache wasikilize, hawajalipia hilo. Uliniambia fundi anakuja na msaidizi wake kuangalia vyakula vipya. Mimi nimesimama hapa nangoja kuulizwa upana wa dirisha."

"Msaidizi?" Shangazi alisema. "Msaidizi wa nini?"

Bi Mkubwa aliona haya kumjibu, lakini alijibu. "Wa kubeba vyombo, dada. Ndivyo nilivyoambiwa."

Shangazi aliushusha uma. Akaivuta miguu yake chini ya kiti, viatu vile vyeusi visionekane.

Hapo ndipo Nta alipoumia. Aibu yake mwenyewe angeibeba, maana fundi huzoea madoa. Lakini kuiona miguu ile ikijificha chini ya kiti kulimkata mahali ambapo Mashoto hakuwahi kupagusa, wala kwa upendo wala kwa ubaya.

"Mashoto," alisema. "Mwambie mama."

Mashoto alitazama mlango wa jikoni. Alitazama meza ya vijana, ambao sasa walikuwa wanajifanya kusoma orodha ya vyakula walivyokwisha kula.

"Shangazi ameelewa vibaya," alisema. "Fundi amekuja kwa kazi."

Fundi. Hakuwahi kumwita hivyo akiwa amemaanisha fundi tu. Nta alikuwa ameomba miezi yote ile Mungu amfungulie kijana huyu kinywa. Kinywa kilikuwa kimefunguliwa, na hicho ndicho kilichotoka.

"Nimeelewa vibaya?" Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Haya. Masikio yangu yamekula chumvi nyingi, labda yamechoka. Mwanangu, twende nyumbani."

"Ngoja, Shangazi. Bado kidogo." Nta hakuinua sauti. "Mashoto, nitakuuliza mara moja tu, mbele ya mama yako na mbele ya aliyenilea. Mimi ni nani kwako?"

"Tuzungumze jikoni."

"Jikoni tumezungumza sana."

"Nta, nakuomba! Hujui mama yangu. Nilitaka mkae kwanza, mle pamoja, akuzoee. Angekupenda. Halafu ningesema. Nilikuwa nasubiri nafasi nzuri!"

"Tungekula nini pamoja?" Nta aliuliza. "Hakuna kinacholiwa hapa."

Mashoto alitazama mezani, akaona zile sahani tatu za kazi chini ya taa. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amesahau sahani ya pili. Katika kuhangaika kumdanganya huyu na yule, alikuwa amewaalika watu chakula cha jioni bila kuwapikia chakula.

Bi Mkubwa ndiye aliyezungumza. Alivuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza.

"Sikilizeni. Mimi sitasema uongo, uongo umeshatosha kwenye meza hii. Ningeambiwa habari hizi, ningekataa. Mwanamke anayepika wali usiolika, aolewe kwenye nyumba ya wapishi? Ningekataa mchana na usiku. Ningenuna. Ningempigia simu dada yangu, tungekusengenya, binti, mpaka simu iungue. Ningesema umri, ningesema ukoo, ningetafuta hata kasoro ya masikio yako. Halafu nikishachoka, ningekubali. Maana mama ndivyo tulivyo." Alimgeukia mwanawe. "Lakini wewe hukunipa hata nafasi ya kukataa. Umenifanya nimfokee mgeni anayemshukuru Mungu kwa ajili yangu."

"Mama, niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata baba yako alikuwa mwoga. Ila yeye aliogopa mende, hakuogopa kumtaja mkewe."

Mmoja wa vijana wa meza ya jirani alicheka, akajifanya amepaliwa.

Nta alivuta bakuli la wali karibu yake.

Lilikuwa limepoa. Ngisi walikuwa wameanza kukaza, na mafuta yalikuwa yametanda kando ya bakuli kama ukungu. Kamba walikuwa wamelala kushoto, mikia juu, kama kawaida yao. Alichukua uma ambao Shangazi aliuweka chini, akamchoma kamba wa kwanza, akala.

"Nta," Mashoto alisema, "hiyo ni ya kazi."

Alijua. Tangu ajifunze kazi hii hakuwahi kula sahani ya kazi. Mwalimu wake alimwambia ukila sampuli, umeikataa kazi, hakuna kurudi mezani. Akala kamba wa pili, akala wa tatu. Alitafuna ngisi aliyekuwa mgumu kama kamba za viatu vyake vya utotoni, zile ambazo Shangazi alimfungia kila asubuhi. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Mkono ule ulijua kusema kila kitu. Kinywa ndicho kilikuwa hakijui.

Bi Mkubwa alimsogezea kitambaa cha kufutia mikono. "Kula, mwanangu," alisema taratibu.

Mwanangu. Neno hilo alitamani kulisikia kutoka kwa mama huyu hata akawa analiota. Sasa limekuja, limechelewa, kama mvua inayonyesha baada ya mazao kukauka.

Mashoto aligeuka ghafla akaingia jikoni. Walisikia sufuria zikigongana, moto ukiwaka, mafuta yakilia. Shangazi alikaa na mkoba wake mapajani. Bi Mkubwa alikunja kitambaa cha meza pembeni, akakikunjua, akakikunja tena. Nta alikula mpaka yakabaki maganda ya kome na punje chache za wali.

Mashoto alirudi akiwa amebeba bakuli kwa mikono miwili. Mvuke ulimfunika uso. Lilikuwa limejaa kamba mpaka wengine wanataka kuanguka, na macho yake yalikuwa mekundu, iwe kwa vitunguu au kwa jingine.

"Hii ni ya pili," alisema. "Hii ni yako. Mama, huyu ndiye mwanamke ninayempenda. Nimesema. Mmesikia wote? Nimesema!"

Ilikuwa sentensi nzuri. Nta aliisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza garimoshi alilolikosa likipiga honi mbali.

"Nimeshiba," alisema.

"Onja tu."

"Nimeshiba, Mashoto. Nimeshiba kabisa." Akasimama. "Mama, nisamehe. Sampuli yako nimeila. Utafute fundi mwingine wa dirisha. Si kwa ubaya."

Bi Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Shangazi. "Dada, angalau wewe kula. Chakula hakina kosa."

"Hakina kosa, dada yangu," Shangazi alisema akiinuka. "Lakini mimi nami nimeshiba, na sijala."

Wale mama wawili walishikana mikono, wakakaa hivyo kitambo, kama watu waliokutana msibani wakatambua wangeweza kuwa ndugu. Kisha Bi Mkubwa akamwachia.

*

Nje, jua lilikuwa bado halijazama, na watu walikuwa wanapita na mifuko yao ya sokoni. Shangazi alichechemea mpaka usawa wa dirisha, akasimama. Hakuwahi kuiona kazi ya Nta ikiwa mahali pake. Pale nyuma ya kioo kulikuwa na tambi zisizopoa, na kamba wasiozeeka, wote wamelalia kushoto. Katikati kulikuwa na ile sahani ya pasta ya siku ya kwanza, na uma wake ukining'inia hewani.

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. Nta hakuhitaji kugeuka. Alizijua hatua zile, na alijua kwamba zimesimama kizingitini.

"Mwanangu," Shangazi alisema, pua yake karibu na kioo, "hii yote umeifanya wewe?"

"Mimi, Shangazi."

"Na huu uma jamani? Umesimama wenyewe! Unashikwa na nini?"

Nta aliutazama uma. Alisikia pumzi ya mtu pale mlangoni, pumzi ya mtu anayengoja. Siri ile alikuwa ameitunza kama wanawake wengine wanavyotunza kanga ya harusi. Akamshika Shangazi mkono, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kizingitini:

"Waya, Shangazi. Ndani kuna waya. Hakuna kingine."

"Waya tu?"

"Waya tu."

Shangazi alitikisa kichwa. "Nami nilidhani ni muujiza," alisema. Kisha akainama, akavua viatu vyake vya ibada, akaviweka kwapani, na wakaondoka polepole, mmoja miguu mitupu, mwingine bila kutazama nyuma.